Mahari Yangu ya Pangoni

Sista Kresensia alinikuta barazani kwangu Nyasho, Musoma mjini, nachambua dagaa. Nilimletea kiti akakikataa, akakaa kwenye ngazi, miguu ameinyoosha juani kama tulivyokuwa tunakaa zamani, tulipokuwa wasichana wawili wenye gauni moja la heshima kati yetu. Sasa ni bibi mwenye magoti mabovu, na mimi hali kadhalika. Aliniambia nyumba yao ya zamani, ile ya upande wa Bunda, inafungwa, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupanga makaratasi ya stoo, mengine ya kutunza, mengine ya kuchoma. Halafu akatoa bahasha kwenye mkoba, akaiweka juu ya ungo, katikati ya dagaa. "Vero, hii sikuichoma," alisema. "Isome nikiwa hapa hapa, sitaki uisome peke yako." Niliutambua mwandiko kabla sijafungua. Herufi kubwakubwa, zimebanana kama watu kwenye foleni ya sukari. Ilikuwa barua ya Katekista Magesa, ile iliyonifungia mlango wa utawa. Kwa karibu miaka arobaini nilikuwa na hakika kwamba najua kilichoandikwa ndani yake, ingawa sikuwahi kuiona.

Nimetoka kwa nani na kwa nini nilitaka kuwa mtawa, hayo nitayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini, na hakuna kitu kingine nilichokitaka duniani. Mama Mkuu wa masista, mtu wa kusini, mkali lakini wa haki, alikuwa na utaratibu wake. Msichana aliyeomba kuingia alipelekwa kwanza kijijini mwaka mzima, akae na watu, afundishe, ale wanachokula. Mwaka ukiisha, katekista wa kijiji aliandika barua kueleza ameonaje, na Mama Mkuu aliamua kwa barua hiyo. Kresensia alipelekwa Majita. Mimi nilipelekwa kijiji kimoja upande wa Buswahili, chini ya kilima cha mawe, kwa Katekista Magesa na mkewe, Mama Nyangeta.

Ulikuwa mwaka ulioanza bila sabuni. Vijana wakiniuliza siku hizi tuliishije, wanadhani natia chumvi, na chumvi yenyewe haikuwepo. Tulifua kwa majivu. Tulikula unga wa njano wa msaada uliokuwa na harufu ya gunia, na ulipokwisha tukarudi kwenye ugali wa muhogo na mlenda, na siku za furaha dagaa kutoka soko la Mwigobero, Musoma. Padri alikuja mara moja kwa mwezi akipata petroli, na hostia moja aliigawa vipande vinne. Chumba changu kilikuwa stoo ya kanisa. Kulikuwa na kitanda cha kamba, ngoma mbili, majembe ya parokia, na msalaba mkubwa wa mti uliotumika Ijumaa Kuu, umeegemezwa ukutani upande wa miguu yangu, kwa hiyo kila nilipoamka kitu cha kwanza nilichoona ni msalaba usio na mtu. Nyumba ya katekista ilikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Jioni niliwasikia wakiongea Kizanaki na binti yao Nyangeta, wa rika langu, wakicheka, na mimi lugha yao nilielewa nusu. Walinikaribisha kila siku, nisiwasingizie. Lakini mtu anaweza kukaribishwa kila siku na bado akawa peke yake, na mimi nilikuwa peke yangu mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote, ukiondoa hii ya karibuni.

Nilikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, Kiswahili changu. Nilifundishwa shule na mwalimu wa pwani ambaye kosa la herufi moja lilimwuma kama jino, akaniambukiza ugonjwa huo. Kila mchana baada ya shamba nilifundisha kisomo cha watu wazima kanisani, na Katekista Magesa, aliyekuwa anajua kusoma kwa kukokota, alikaa benchi la mbele akashika chaki kama wengine. Kwao r na l zilikuwa zinabadilishana nafasi bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi mwenyewe alikuwa ananiita Velonika. "Kura, Katekista, siyo kula," nilimwambia mbele ya darasa. "Ukienda kula badala ya kura, nchi itaongozwa na nani?" Darasa lilicheka, naye alicheka pia, akarudia, akakosea tena. Nilipenda kuwachekesha. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo nilijiona nimo kati ya watu.

Kijiji kile kilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, Njia ya Msalaba ilianzia mlangoni pa kanisa ikapanda kilimani, na kituo cha mwisho, cha kuzikwa, kilifanyika ndani ya mapango. Ni mapango makubwa, matatu yameungana, mdomo wake umefunikwa na mikuyu midogo iliyoota kwenye mawe. Ndani dari ni jeusi kwa moshi wa siku nyingi, sakafuni kuna mashimo ya mviringo walimosagia nafaka, na kwenye ukuta mmoja kuna michoro myeupe, duara zenye miale, ya watu ambao hata wazee wa wazee hawakujua ni akina nani. Zamani za uvamizi, wakati watu walikuja kuchukua ng'ombe na kuua, kijiji kizima kilikimbilia humo na kukaa siku nyingi bila moto na bila sauti. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake. Na siku ya Ijumaa Kuu kila familia ilikwenda kukaa pale pale walipojificha babu zao, kimya, mpaka sala ya mwisho. Mgeni hakujikalia tu. Alisimama mdomoni mwa pango mpaka mzee mmoja amwonyeshe pa kukaa.

Basi nilisimama. Nilikuwa nimefunga tangu Alhamisi, nimepanda kilima kwenye jua, masikio yananivumia. Watu wote walikuwa wameshakaa na wananitazama. Katekista aliuegemeza msalaba, akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye pango la ndani, kwenye jiwe dogo bapa lililoingia ukutani, halipiti upana wa kitanda cha mtoto. Akalifuta vumbi kwa kanzu yake mwenyewe. Akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Velonika, tangu leo hii ndiyo mahari yako."

Nikacheka. Sikutabasamu, nilicheka, na pango likaichukua sauti ikazunguka nayo. "Mahari, Katekista?" nilisema. "Ng'ombe wangapi?" Vijana wa benchi la nyuma la darasa langu waliangua kicheko. Wazee hawakucheka. Katekista alinitazama kidogo, akasema taratibu, "Kaa, mwalimu," akarudi kwenye msalaba wake. Niliona haya, lakini ni ile haya ya mtoto, ambayo ndani yake bado kuna kujisikia mjanja. Nilikaa. Jiwe lilikuwa baridi na dogo mno, magoti yakanifika kidevuni.

Kesho yake nilikuwa nyuma ya jiko la Mama Nyangeta namenya viazi, nao hawakujua niko pale. Alikuwa na jirani yake, wanapepeta ulezi. Kizanaki changu cha nusu kilitosha. Mama Nyangeta alikuwa anasema kwamba mumewe hakulala. "Amempa mahali pa mtoto," alisema. "Hata mimi hakunipa. Na yeye akacheka." Jirani akauliza msichana alijua? "Angejuaje? Nani alimwambia?" Ndipo nikasikia habari yote, kwa kuibia, kama mwizi wa kuku. Bibi yake Katekista, mama wa baba yake, aliingia pangoni siku ya uvamizi na mtoto mchanga wa kike. Wavamizi wakapita juu ya mawe, wakasimama, na mtoto akaanza kulia. Watu wote mle ndani walimtazama yule mama. Alimziba mtoto mdomo kwa titi lake, kisha kwa mkono, na wavamizi walipoondoka mtoto alikuwa hapumui. Alimlaza kwenye lile jiwe dogo. Watu wote walipona. Tangu siku ile hakuna mtu aliyekalia jiwe lile. Dini ilipofika, mama yule alikuwa wa kwanza kubatizwa kijijini, na watu walimshangaa, kwamba anamtaka wa nini Mungu aliyemtazama tu siku ile.

Viazi niliviacha na maganda yake. Nilitaka kwenda kumpigia Katekista magoti. Mpaka leo nakumbuka nilivyoipita ile sehemu ya uwanja kuelekea mlangoni kwake, nikamkuta anatengeneza mpini wa jembe, nikasema, "Shikamoo, Katekista," akasema, "Marahaba, mwalimu," nami nikapita. Nilijiambia nitasema kesho. Wiki zikapita. Siku moja tulikuwa tunang'oa karanga wawili tu, Mama Nyangeta ametangulia na ungo, nikaona hapa ndipo. Lakini badala ya kumwomba radhi nikamuuliza habari za Mungu, maana ni rahisi zaidi. "Katekista, siku ile ya uvamizi, Mungu alikuwa wapi?"

Hakuuliza nimeijuaje habari ile. Alikung'uta udongo kwenye shina la karanga. "Na mimi nilimuulizaga bibi hivyo hivyo, nikiwa mdogo," alisema. "Aliniambia, alikuwemo. Tulikuwa tumejificha naye. Na yeye alikuwa amebana pumzi kama sisi."

"Hilo lilimtosha?"

"Halikumtosha. Alikuwaga analia kila Ijumaa Kuu mpaka anakufa. Lakini alisema hawezi kumwacha mtu waliyejificha naye."

Nimesikia mahubiri mengi baada ya hapo, ya mapadri wenye digrii za Roma, na sijasikia jibu lingine ambalo ningeweza kulibeba. Wakati ule sikulibeba. Nilikuwa na miaka ishirini, nililiona ni jibu la mtu asiyesoma. Nilipenda Mungu anayefungua milango na kuzuia mikuki, na karanga zilipokwisha tukarudi nyumbani bila mimi kusema neno lililonipeleka.

Mwisho wa mwaka barua ya Mama Mkuu ikaja, kuuliza. Katekista alikaa mezani mchana mzima, ulimi ameutoa pembeni ya mdomo, kalamu ya bluu mkononi. Niliingia kuchukua kibuyu cha maji. Akaifunika karatasi kwa kiganja haraka, kama mwanafunzi anayezuia mwenzake asiibie. "Hii usisome," alisema, na alikuwa anatabasamu, lakini masikio yamemwiva. "Utacheka." Ningeweza kusema sitacheka. Ningeweza kusema, lete tuisahihishe pamoja, Katekista, na pengine ndilo alilokuwa analisubiri. Nilichukua maji nikatoka. Aliigandisha bahasha kwa ugali laini na kuituma kwa dereva wa parokia.

Jibu lilikuja kwangu mimi, mistari mitatu. Mama Mkuu alinishukuru kwa utumishi, akasema hawezi kunipokea, akaniombea heri katika maisha ambayo wazee wangu wamekubali. Maneno hayo ya mwisho niliyasoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo. Wazee gani? Wamekubali nini? Sikupata maana isipokuwa moja, kwamba Katekista ameandika mambo mabaya, amenilipiza kicheko cha pangoni. Sikumuuliza. Mama Nyangeta alinifungia michembe, vile viazi vikavu vya safari, akaniuliza kwa nini nalia wakati naitwa kwenye kazi ya Mungu. Walidhani naenda Bunda. Sikuwaambia ukweli. Niliondoka asubuhi Katekista akiwa shambani, kwa makusudi.

Musoma niliikuta imegeuka. Neno midomoni mwa watu lilikuwa ruksa, biashara imefunguliwa. Mwigobero kulikuwa na milima ya mitumba, sabuni zimepangwa kama matofali, watu wanachekacheka kama waliotoka wodini, na mimi katikati yao sikutaka kitu chochote kilichouzwa pale. Nikapata ualimu. Miaka yote ya kufundisha nimekuwa mwalimu wa kalamu nyekundu, wanafunzi walinipa majina. Wanaume wawili walinitaka kwa heshima, nikakataa, kwa sababu moyo ulikuwa umeshakwenda mahali ukakataliwa na haukurudi. Kanisani nilikwenda kila Jumapili, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu na sikuwa na mwingine wa kumwambia.

Katekista alinitafuta mara moja. Ilikuwa miaka kama miwili baadaye. Alikuja mpaka Nyasho na baiskeli, ameulizia nyumba kwa nyumba, gunia dogo la michembe limefungwa nyuma. Nilimwona dirishani. Nilimtuma jirani amwambie mwalimu amesafiri. Nilisikia kila neno kupitia wavu. "Basi mwambie Magesa alikujaga," alisema. "Mwambie tunamuulizia. Ijumaa Kuu hatumwoni." Jirani akasema atamwambia. Alisimama kidogo, akaangalia dirisha langu, nadhani alijua, akashusha gunia na kugeuza baiskeli. Alipofariki nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma ya watu, sikutupa udongo.

Sasa barua yake ndiyo ilikuwa juu ya ungo wa dagaa. Naiandika hapa kama alivyoiandika, sitagusa herufi.

"Mama Mkuu, Tumsifu Yesu Klisto. Ninatoa habali ya binti Velonika. Amefundisha watu wengi kusoma na mimi nimo. Hana tabia mbaya, ni kucheka tu, lakini ni utoto utaisha. Mahari yake ameshapata. Nimempa mimi mwenyewe mbele ya watu wote na ukoo wote umelidhika. Mungu amtunze. Magesa, katekista."

Chini ya neno mahari ulikuwepo mstari mwekundu, umepigwa mara mbili, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa Mama Mkuu: "Ameshachumbiwa huko. Hapana."

Niliisoma mara tatu. Kresensia alinieleza, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Mwaka mmoja kabla yetu kulikuwa na msichana ambaye baba yake alikuwa amepokea ng'ombe kisirisiri, na wenye ng'ombe wakaja na marungu mpaka getini kwa masista. Mama Mkuu hakutaka kuliona hilo tena. Alipoona neno mahari, na limetolewa mbele ya watu, na ukoo umeridhika, hakuuliza swali la pili. "Yeye alikuwa mtu wa kusini," alisema Kresensia. "Mimi Mkwaya, ambaye hata kwetu r na l hubadilishana, nilipoisoma nilicheka, Vero. Nilicheka pale stoo peke yangu. Halafu nikakumbuka ulivyolia." Mimi sikucheka. Nilikuwa na mikono yenye magamba ya dagaa na nilitaka mtu mmoja tu awe hai kwa robo saa. Alikuwa amewaambia wakubwa wa Kanisa jambo kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, kwamba msichana huyu amekalishwa kwenye jiwe la mtoto wetu. Mimi ndiye niliyemfanya aone aibu kunionyesha karatasi. Kosa la herufi moja, ambalo ningelisahihisha kwa kufumba na kufumbua, kalamu ikiwa mkononi mwangu, nililiacha lipite kwa sababu ya kiburi. Na mahari, ile yenye ng'ombe, haikutolewa kwa ajili yangu na mtu yeyote maishani.

Tulikwenda wiki hiyo hiyo. Tulikodi gari mpaka Butiama, na kutoka hapo tukashika njia ya Buswahili. Magoti ya Kresensia yalifika chini ya kilima yakagoma, akabaki kwenye gari na rozari yake. Aliyenipandisha alikuwa Nyangeta, sasa mjane, bado amenyooka. Tulipumzika mara nne. Nilimweleza habari ya barua tukiwa njiani, kipande kwa kipande, na mwishoni nikamwambia pia kuhusu dirisha na baiskeli. Mdomoni mwa pango nilisimama, kama mgeni, na nilikuwa naona aibu kuingia.

"Unasubiri nini?" aliniuliza.

"Kuonyeshwa pa kukaa."

"Wewe ulishaonyeshwaga." Akatangulia ndani. Michoro ile myeupe bado ipo, imefifia kidogo. Jiwe dogo lilikuwa safi. Mawe mengine yote yalikuwa na vumbi na kinyesi cha popo, hilo lilikuwa limefagiwa. "Baba alikuwa analifagia kila Ijumaa Kuu," alisema Nyangeta. "Wageni walikuja, hata askofu alikuja, hakumkalisha mtu. Alisema ni ya Velonika, mwenyewe atakuja. Alipokufa akaniachia mimi ufagio. Mimi nilikuwa nakuchukia, mwalimu, nakwambia ukweli. Lakini nilifagia."

Nilikaa. Magoti yalinifika kidevuni kama siku ile, ila sasa yaliuma. Nyangeta alikwenda kukaa mahali pa kwao, na pango likawa kimya, kimya cha watu waliobana pumzi. Nilimwambia Katekista yale niliyobeba kutoka jikoni kwa mkewe, nikayasema yote, kwa sauti, na sikujali nani anasikia. Mwanga ulipoanza kupungua mdomoni, Nyangeta aliinuka, akajifuta vumbi, akanyoosha mkono kunisaidia.

"Umeiona mahari yako?" aliuliza.

Maisha yangu yote nimesahihisha watu.

"Nimeiona," nilimjibu. "Mahari yangu nimeiona."